Daftari la mraibu lisiwe kitabu cha toba

Mtu akisema anataka kuacha pombe, bangi, unga au kubeti, siku hizi hakosi wa kumwambia anunue daftari awe anaandika. Atamwambia mshauri nasaha, atamwambia mchungaji, na ushauri huohuo ataukuta kwenye simu yake. Nauunga mkono. Lakini jinsi unavyotolewa hapa kwetu Kigoma una kasoro kubwa, na kasoro hiyo ndiyo inayowafanya wengi waliache daftari kabla hawajaiacha pombe. Wanaambiwa waandike hisia: majuto, machungu ya utotoni, barua kwa mama aliyefariki, ahadi kwa Mungu. Basi mtu aliye kwenye wiki yake ya kwanza bila kunywa, usingizi hana, mwili wote mzito, anakaa mbele ya ukurasa mtupu kueleza alivyowatenda wanawe. Akifika mwisho wa ukurasa ameelemewa kuliko alivyoanza. Na dawa anayoijua ya moyo ulioelemewa inauzwa nyumba ya tatu, kwa mama pima.

Ninachosema ni hiki: daftari la kwanza la mtu anayeacha liwe daftari la hesabu. Saa ngapi hamu ilikuja, alikuwa wapi, alikuwa na nani, mfukoni alikuwa na shilingi ngapi, akafanya nini. Mistari minne au mitano kwa siku, basi. Machungu ya utotoni yatasubiri. Toba nayo ina mahali pake, ila si kwenye ukurasa huu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mji kama Ujiji, uliokua kwa biashara ya misafara na majahazi, hauhitaji kufafanuliwa usemi huo. Mwenye duka la Mwanga ana daftari la madeni chini ya meza. Kikoba cha akina mama kina daftari, na mweka hazina haaminiwi kwa kauli yake hata awe mcha Mungu namna gani. Mwenye mtumbwi anaandika mafuta, anaandika ndoo za dagaa, anaandika mgawo wa kila mvuvi. Katika mambo hayo yote tumekubaliana kwamba kichwa cha mtu peke yake hakitoshi. Inakuwaje basi ulevi, jambo linaloharibu kumbukumbu kuliko yote hayo, tuuachie kichwa?

Nasema linaharibu kumbukumbu kwa maana halisi. Pombe ikizidi kwenye damu, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio mapya, hipokampasi, huacha kuandika. Mtu anaongea, anacheka, anatembea hadi nyumbani, na kesho yake hana hata kipande cha saa tatu zilizopita. Hajasahau, kilichotokea hakikuhifadhiwa kabisa. Hiyo ni hali ya usiku mmoja. Mbaya zaidi ni ile ya miezi. Mraibu aliyeacha kwa muda hukumbuka vicheko vya kilabuni na joto la glasi ya kwanza, lakini kutapika alfajiri, simu iliyopotea na ugomvi na shemeji hupauka mapema. Hamu inapokuja, huja na ushahidi wa upande mmoja. Mtu asiye na maandishi hana cha kumjibu nacho shahidi huyo.

Kwenye kubeti jambo hili linaonekana wazi kuliko popote, kwa sababu pale kila kitu ni namba. Kijana anakumbuka mkeka uliompa laki mbili. Anaweza kukutajia timu zote na dakika ya bao la mwisho. Mikeka iliyochanika haikumbuki, maana kila mmoja ulikuwa wa shilingi elfu moja tu, na elfu moja haimuumizi mtu. Mwambie aandike kila shilingi inayotoka kwa mwezi mmoja. Anayeweka shilingi 2,000 kwa siku anatoa 60,000 kwa mwezi na 730,000 kwa mwaka. Huhitaji kumhubiria baada ya hapo. Wataalamu wa Marekani waliingiza kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani linaitambua hivyohivyo katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022. Anayesema mtoto wake anabeti tu, hana uraibu, hajaufuata ujuzi wa sasa.

Kwa pombe, fedha ndiyo kipimo bora cha kuandika. Chupa ya bia ina asilimia zake kwenye karatasi, gongo haina. Ya leo kali, ya kesho imechanganywa, na pombe ya ndizi ya nyumba hii si sawa na ya nyumba ile. Lakini shilingi 3,000 iliyotoka mfukoni ni shilingi 3,000. Aandike hiyo.

Faida kubwa ya hesabu haionekani siku ya kwanza wala ya tano. Inaonekana kurasa zikishakuwa nyingi, na hapa Kigoma ina sura yake yenyewe ambayo washauri wengi hawaioni. Mwongozo mwingi wa kuacha ulevi umetungwa na watu wa miji ya mishahara, ambako hatari ni Ijumaa jioni na mwisho wa mwezi. Chukua mvuvi wa Katonga au Kibirizi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi giza linapokuwa zito. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa sawasawa, kwa hiyo wavuvi wengi hupandisha mitumbwi, hutengeneza nyavu, hufunga hesabu na kupumzika siku kadhaa. Fedha ipo, kazi haipo, wenzako wote wako nchi kavu. Sasa mwambie mtu huyo akutajie siku anazokunywa sana. Atakuambia hakuna mpangilio, inatokea tu. Na ukiangalia kalenda ya ukutani atakuwa mkweli: mwezi huu alianguka tarehe 12, uliopita tarehe 13, mwingine tarehe 15, safari hii Jumanne, ile Alhamisi. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, hauendi na kalenda ya ofisini. Lakini kama kila siku ameweka alama ndogo pembeni ya ukurasa kuonyesha mwezi ulivyokuwa, miezi mitatu inatosha kuonyesha kwamba mambo yake yana mpangilio kamili. Ulevi wake unafuata mbalamwezi.

Akishalijua hilo, anaweza kujipanga. Siku mbili kabla ya mbalamwezi anaweza kumwomba mwenye mtumbwi ampe mgawo wake mbele ya mkewe, au amtumie kwa simu dada yake wa Kasulu. Anaweza kupanga safari ya shambani siku hizo. Asipojua, kila mwezi utamkuta palepale na yeye atajiita mwanamume dhaifu asiye na msimamo.

Nisingependa kufanya fedha kuwa adui pekee. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Wakati wa kufungwa ziwa, mfuko huwa mtupu na siku huwa ndefu. Wapo ambao ukosefu wa fedha uliwasaidia kupunguza, na wapo ambao kukaa bure kuliwamaliza, wakinywa kwa mkopo na kwa kulipiwa. Wavuvi wawili wa mtumbwi mmoja wanaweza kuwa na hatari mbili zinazopingana, na hakuna mshauri anayeweza kukisia ipi ni ya nani. Kurasa zao zitasema.

Jambo hili si la kubuni. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani, ambaye kazi yake kuu na mwenzake Judith Gordon ilitoka mwaka 1985, alichunguza jinsi watu wanavyorudia ulevi na akaonyesha kwamba kurudia kuna njia zake: hisia mbaya, ugomvi na watu wa karibu, kushawishiwa na wenzako. Wanaosaidiana kuacha wana kipimo kifupi wanachofundishana: unapoona hamu, jiulize kama una njaa, una hasira, una upweke au umechoka. Nakipenda kipimo hicho kwa sababu kinaandikika kwa neno moja. Mama anayeandika "njaa" mara sita katika wiki mbili amejua kwamba saa kumi jioni anatakiwa awe ameshakula, na ugali umemsaidia pale ambapo ahadi zake zilishindwa.

Kisha unakuja mpango wa kesho. Peter Gollwitzer, mtafiti wa namna watu wanavyotekeleza nia zao, aliandika mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. "Sitakunywa tena" ni nia ya jumla. "Nikilipwa, nitapitia njia ya stesheni, sipiti sokoni" imefungwa kwenye tukio. Mstari mmoja wa namna hiyo chini ya hesabu ya leo una thamani kuliko kurasa tatu za kujilaumu.

Nigeukie Ramadhani, maana kwa mji wenye Waislamu wengi kama wetu ni somo la peke yake. Kuna mtu anayekunywa miezi kumi na moja, anavunja jungu mwishoni mwa Shaabani kwa nguvu zake zote, halafu mwezi unaandama na anaacha. Anafunga siku zote. Idi ikifika anarudi. Kwa miaka mingi amejiambia kwamba mtu anayeweza kuacha siku thelathini hana uraibu. Ramadhani ingekuwa mwezi bora wa daftari kwake: kuna futari, kuna daku, kuna tarawehe, saa za mchana zimebanwa na watu wamemzunguka. Akiandika katika mwezi huo saa ambazo hamu ilimjia na kilichomshika asiende, kufikia Idi atakuwa na orodha ya mambo yanayomfaa yeye, iliyotoka kwenye maisha yake mwenyewe. Badala yake Idi inafuta kila kitu, na Ramadhani inabaki kama kisiwa.

Ila kuna onyo hapa, na naomba lisomwe kwa makini kuliko chochote katika makala hii. Mtu anayekunywa kila siku kwa muda mrefu, hasa anayeanza asubuhi kwa kuzimua, ubongo wake umeshazoea kufanya kazi pombe ikiwa ndani. Akikata ghafla, iwe kwa ajili ya Ramadhani, kwa kuokoka au kwa hasira, kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumshika ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa, huona wadudu au watu ambao hawapo, hupata homa, na moyo huenda mbio. Hali hiyo huua. Mitaani kwetu mtu wa namna hiyo huitiwa mganga au huombewa mapepo, na saa zinapita. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, au kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Huko kuna dawa za kuutuliza ubongo, na hupewa vitamini B1, ambayo walevi wengi wameishiwa nayo. Na swali la kwanza la tabibu litakuwa: mara ya mwisho alikunywa lini, na kwa kawaida anakunywa kiasi gani? Mke atakisia. Daftari lenye saa na shilingi litajibu. Anayetumia unga ana hatari yake nyingine: akikaa miezi kadhaa bila kutumia, iwe gerezani au soba hausi, mwili unapoteza uzoefu, na kipimo alichokuwa akikimudu zamani kinaweza kumuua usiku mmoja. Hilo nalo liandikwe kwenye jalada la ndani kwa herufi kubwa.

Ninaposema daftari ni msaidizi wa tiba, namaanisha msaidizi. Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa inayotuliza hamu ya heroini, kwa watumiaji wa heroini Muhimbili mwaka 2011, na huduma hiyo imepelekwa baadaye katika miji mingine. Anayeitumia hunywa dawa yake mbele ya mhudumu kila siku, na kila siku kuna mtu anayeona jina lake na uso wake. Mnywaji wa gongo wa Ujiji hana dirisha la namna hiyo. Siku zake hazionwi na yeyote mwenye nia ya kumsaidia. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kusisitiza ukurasa wake uwe wa siku kwa siku.

Sasa nijibu pingamizi ninalolijua, kwamba sayansi yenyewe inasema tuandike hisia. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo limerudiwa kwa namna mbalimbali hadi leo. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu jambo lililowaumiza, wakaeleza tukio pamoja na walivyolihisi, walikwenda kwa matabibu wa chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini wanaolisimulia jaribio hilo huruka sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba mara tu baada ya kuandika, wanafunzi hao walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa mwanafunzi mwenye afya, jioni mbaya ni jioni mbaya tu. Kwa mtu aliye kwenye wiki ya kwanza bila pombe, jioni mbaya ndiyo mlango wenyewe. Ya pili ni kwamba zilikuwa siku nne, kisha wakaacha. Hakuna aliyeambiwa achokoe kidonda chake kila usiku kwa mwaka mzima.

Mwaka 2014 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani, safari hii kwa wanawake waliokuwa wakiishi kwenye vituo vya matibabu ya dawa za kulevya. Walioandika kuhusu mateso waliyopitia walipata nafuu ya huzuni, wasiwasi na makovu ya mateso hayo wiki mbili baadaye, ingawa kufikia mwezi mmoja tofauti kati yao na wenzao haikuonekana tena. Na baada ya kila kikao cha kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Tazama walipokuwa: ndani ya kituo, kuna wauguzi, kuna wenzao, hakuna pombe mtaa wa pili. Mazingira hayo hayafanani na chumba kimoja cha kupanga Mwanga, taa imekatika, mtu yuko peke yake na kalamu. Kuandika kwa kina kunafaa, na kuna watu ambao hawatapona bila kugusa yaliyowapata, wakiwemo wengi waliovuka ziwa au mpaka wakikimbia vita. Ila kuje baada ya mwili kutulia, kuwe kwa siku chache zilizopangwa, na kuwe na mtu anayejua kwamba leo fulani anaandika jambo zito.

Watu wa dini watanikumbusha Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzishwa mwaka 1935 huko Akron na Bill Wilson na daktari Bob Smith, kwamba nao humtaka mtu aandike makosa yake. Humtaka, ndiyo. Lakini kwao hiyo ni hatua ya nne kati ya kumi na mbili. Imetanguliwa na kukubali kwamba pombe imemshinda na kwamba anahitaji msaada, na katikati ya wenzake waliopita njia hiyohiyo. Na hatua ya tano inafuata papo hapo: ayaseme aliyoyaandika mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yake, na mbele ya mtu mwingine. Waanzilishi wale, waliokuwa walevi wenyewe, hawakumwacha mtu na karatasi peke yake. Sisi tumechukua karatasi tukamwacha mtu wa pili.

Mtu wa pili ndiye ninayemwona kuwa nusu ya kazi yote. Hesabu isiyokaguliwa hulegea, na mlevi anayeandika bila msomaji ataanza kuruka siku mbaya kufikia wiki ya tatu. Msomaji achaguliwe na mwandikaji mwenyewe. Asiwe mwajiri, asiwe mwenye nyumba, na kwa kawaida asiwe mke au mume, maana ukurasa wa Jumatano unaweza kuwa na mambo yanayomhusu mwenzi kwa uchungu, na kikao cha kusoma kikageuka baraza la ndoa. Mjomba mtulivu anafaa. Somo wa bibi arusi anafaa kwa mwanamke. Anayefaa kuliko wote ni aliyeacha zamani, kwa sababu hashtuki. Kazi yake ni kukaa na mwenzake mara moja kwa wiki, kusoma naye kurasa saba, na kuuliza maswali ya hesabu: hapa ulikuwa na nani, hapa kwa nini hukwenda, hapa ulikula saa ngapi. Akianza kufoka, amepoteza nafasi. Wiki ijayo ataletewa daftari safi lisilo na ukweli hata mstari mmoja.

Siku ya kuanguka ndiyo siku ya kuandika kwa bidii kuliko zote, na ndiyo siku ambayo karibu kila mtu haandiki. Marlatt alilieleza vizuri jambo hili: mtu aliyejiwekea sharti la kutogusa kabisa, akigusa mara moja, hujiambia ameshaharibu yote, na huo uamuzi ndio unaogeuza glasi moja kuwa wiki tatu. Kuhesabu siku safi kunachangia. Naheshimu furaha ya mtu anayesema ana siku arobaini. Ila hesabu inayorudi sifuri kwa usiku mmoja inamdanganya, kwa kuwa siku arobaini zile hazikufutika. Amekaa bila pombe siku 40 kati ya 41, na mwaka jana alikuwa hawezi nne. Daftari la hesabu halina sifuri. Lina ukurasa wa 41, wenye saa, mahali, aliyekuwepo, shilingi. Na kwa uzoefu wa wanaofanya kazi hii, ukurasa huo mmoja hufundisha kuliko ile arobaini.

Siri nayo ni jambo zito kwetu, tena zito kuliko washauri wanavyolichukulia. Nyumba zetu zina vyumba vichache na watoto wanaojua kusoma. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria, na kutumia dawa za kulevya ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015. Daftari lenye majina ya wauzaji linaweza kumletea mtu balaa kutoka pande mbili, polisi na wauzaji wenyewe. Kwa hiyo majina yasiandikwe kabisa. Herufi moja au alama inatosha. Mambo ya Virusi vya UKIMWI yasiandikwe humo. Mwenye hofu na kurasa za zamani azichome baada ya kuzisoma na msomaji wake na kutoa kilichojifunzwa. Mwanamke anayekunywa kwa kificho, na wapo wengi kuliko tunavyokiri, anaweza kutumia daftari lilelile la matumizi ya nyumbani: mstari wa sukari, mstari wa mkaa, na alama ndogo ambayo yeye peke yake anaijua.

Asiyejua kuandika asiachwe nje. Duara kwa hamu, mstari kwa kunywa, idadi ya vijiti kwa maelfu yaliyotumika. Hesabu kamili inaweza kukaa kwenye ukurasa bila neno hata moja. Mwingine atajirekodi sauti kwenye simu, na kama Kiha ndicho kinachomtoka bila kujikwaa, azungumze Kiha. Wala hakuna haja ya kitabu cha gharama. David Livingstone, aliyerudi Ujiji mwaka 1871, alikuwa ameishiwa karatasi safarini akawa anaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotokana na mmea wa huko. Kaunta buku ya dukani inatosha, na nusu yake pia inatosha.

Baada ya miezi michache, hamu ikishapungua, ukurasa unaweza kubadilika. Amy Krentzman wa Chuo Kikuu cha Minnesota amekuwa akijaribu daftari linalowauliza wanaoacha mazuri madogo ya siku na mipango ya kesho, na naona busara ndani yake. Mtu aliyeacha pombe ameondoa kitu kilichojaza jioni zake zote, na jioni tupu ni hatari. Akianza kuandika kwamba leo aliswali msikitini jamaa, leo alinunua samaki wa watoto, leo alilala saa nne usiku, ameanza kuona kinachokaa mahali pa pombe. Lakini hilo ni la baadaye.

Kilichobaki ni kwa watoa huduma. Ninawaomba wauguzi na washauri nasaha wa mkoa huu jambo moja linalowezekana bila bajeti mpya: dakika tano za kwanza za kila mahudhurio ziwe za daftari. Mtu akiulizwa "bado unakunywa?", atasema hapana au atasema kidogo, kwa aibu na kwa heshima kwa aliyevaa koti jeupe. Akiambiwa "nifungulie wiki iliyopita tuisome", mazungumzo yanakuwa mengine. Na kinachosomwa kitumike. Kama kurasa zinaonyesha kwamba hatari ya mvuvi huyu ni siku hesabu za mtumbwi zinapofungwa, basi miadi yake ya kliniki ipangwe asubuhi ya siku hiyo, hata kama mwezi huu inaangukia Jumatano na mwezi ujao Ijumaa. Karani wa kliniki atalalamika kwamba tarehe zinahama. Ziachwe zihame.